Sasisho la Windows limekwama au linakula bando? Usilizime, lisimamie (uzi maalumu)

#1 fundi_wa_mezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ndani ya wiki mbili zimepita mezani kwangu laptopu tano zenye ugonjwa mmoja, nikaona nifungue uzi kuliko kumjibu kila mtu pembeni. Ya mwisho ilikuwa ya binti wa mwaka wa tatu chuoni, amebakiza siku nne akabidhi ripoti yake ya utafiti. Mashine inawaka, inaandika kwamba inarudisha mabadiliko, inajizima, inawaka tena, inaandika yaleyale. Alikuja nayo kaifunga kwenye khanga, machozi yanamtoka. Ripoti yote iko humo, hana nakala hata kwenye flashi.

Niwatoe wasiwasi mapema: ripoti ilipona. Jinsi ilivyopona nitaeleza chini.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Kati ya laptopu zile tano, nne zilikuwa zimezimiwa kabisa huduma ya masasisho na mtu aliyewawekea Windows, "ili isile bando". Ya binti huyu ilikaa miaka miwili hivyo. Rafiki yake akaja kuiwasha huduma siku moja usiku, diski imebaki na GB 3, sasisho zito likaanza kuingia, na katikati ya kazi umeme ukakatika huku betri yenyewe haikai hata dakika kumi. Hapo usitegemee mashine iinuke salama.

Hofu ya bando naielewa vizuri. Umenunua GB 2 za siku, umefungua hotspoti utume barua pepe moja ya kazi, nusu saa haijaisha ujumbe unaingia kwamba bando lako limekwisha. Inauma. Lakini dawa yake siyo kuzima. Kumbukeni mwaka 2017: tarehe 14 Machi Microsoft walitoa kiraka kinachoitwa MS17-010. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikalipuka dunia nzima kikipitia tundu lilelile ambalo kiraka kilikuwa kimeshaliziba. Hospitali za umma Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo kwa karibu miezi miwili, walioumia ni wale ambao haikuwa imeingia kwenye mashine zao.

Sasa, jambo ambalo likieleweka nusu ya hofu inaondoka: masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 na 11 ni ya kulimbikiza. La Juni limebeba ndani yake la Mei, la Aprili na ya nyuma yake. Ukiruka mwezi mmoja hujajiwekea deni la masasisho mawili, utashusha la karibuni tu basi. Kwa hiyo kuahirisha ni halali kabisa. Kuzima ndiko kunakoleta balaa, kwa sababu aliyezima husahau.

Na yana ratiba. Tangu Oktoba 2003 kiraka kikubwa hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu Afrika Mashariki ni saa 2 usiku, na wao wakiwa kwenye majira ya baridi inakuwa saa 3 usiku. Ukijua hilo hutashangaa kwa nini Jumatano asubuhi mtandao wa ofisi unajikokota. Mwishoni mwa mwezi huja lingine lenye neno Preview. Hilo ni la hiari, ni onjo la mwezi unaofuata. Liacheni, na hakikisheni kile kitufe cha kupata masasisho mapema kuliko wengine kimezimwa.

Mimi nafanya hivi kwenye mashine zangu. Kila waifai ya hotspoti ya simu naingia Settings, Network & internet, nafungua jina la mtandao huo na kuwasha Metered connection. Windows ikishajua mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, haishushi mizigo mikubwa bila ruhusa yako. Vitu vidogo vya dharura vinaweza kupita bado. Mpangilio huu unakaa kwa kila jina la waifai peke yake, kwa hiyo ukibadilisha simu au jina la hotspoti unaanza upya. Hapa ndipo wengi wanapoliwa.

Kisha Windows Update, Pause updates. Inakubali hadi wiki tano. Mimi nachukua wiki moja au mbili baada ya ile Jumanne, nione kama kuna kilio huko duniani, halafu nachagua usiku mmoja wenye bando la usiku na umeme uliotulia, chaja imechomekwa, nafungua kila kitu kiingie. Saa za kazi nazo, Active hours, weka zilingane na maisha yako. Zinafika hadi saa 18 kwa siku, ndani ya muda huo mashine haitajizima yenyewe ili imalizie sasisho.

Sasa makosa yenyewe.

Namba 0x80070422 ndiyo ninayoiona kuliko zote, na maana yake ni moja: huduma imezimwa. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika

sc config wuauserv start= demand
net start wuauserv

Hiyo nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima iwepo. Kama ukurasa wa Windows Update unakuandikia kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, na laptopu ni yako uliyonunua kwa jasho lako, basi kuna mtu au programu imeacha amri kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate. Zile programu za kuamilisha Windows bila leseni hupenda sana kufanya hivi, na nyingine huzima na ulinzi wa virusi humohumo. Ukiikuta mashine ya namna hiyo, kutoa vipande vipande ni kupoteza muda. Hamisha mafaili, weka Windows safi.

0x80070070 ni diski imejaa. Fungua Disk Cleanup, bonyeza sehemu ya kusafisha mafaili ya mfumo, utakuta mabaki ya masasisho ya zamani na folda ya Windows.old. Hiyo Windows.old ndiyo njia yako ya kurudi toleo lililopita na hukaa siku 10 tu, kwa hiyo ukiifuta huna pa kurudi. Laptopu ndogo zenye hifadhi ya GB 32 au 64 zitakutesa kila wakati wa toleo jipya. Chomeka flashi au diski ya nje yenye nafasi ya GB 10 na zaidi, Windows inaweza kuitumia kama uwanja wa kufanyia kazi.

0x80073712 na 0x800f081f zinasema ghala la mafaili ya mfumo limeharibika au kuna kitu hakipo. Na kama sasisho linafika asilimia fulani kila siku na kukwama palepale, mara nyingi ni kile kilichoshushwa ndicho kibovu. Utaratibu wangu:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Halafu

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Tahadhari ya bando: DISM, ile amri ya kukarabati mafaili ya mfumo, hushusha vipande inavyovikosa kutoka mtandaoni. Kama una ISO (faili la kusakinishia) ya Windows ya toleo lilelile kwenye flashi, ifungue na uielekeze huko kwa kuongeza /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess. Ukikuta faili linaitwa install.esd, badilisha maneno yote mawili kuwa esd. Na tafadhali, DISM ikisimama kwenye 62.3% usiifunge. Inafanya kazi. Nenda kapike.

Sasa laptopu ya binti. Mashine isiyofika hata kwenye skrini ya kuingilia unaiingiza kwenye chumba cha matengenezo. Iwashe, nembo ikitokea bonyeza kitufe cha kuwasha hadi izimike, rudia hivyo, na kwa kawaida mara ya tatu inaleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt. Kabla sijagusa chochote niliandika neno notepad. Linafunguka dirisha la kuandikia. Ukienda File, Open, ukachagua kuona mafaili yote, hapo una njia ya kutembea ndani ya diski nzima, ukanakili kwa kitufe cha kulia cha mausi hadi kwenye flashi. Herufi za diski hubadilika humo ndani, C unaweza kuikuta imekuwa D, usipaniki. Ripoti ilitoka kwanza. Mengine yote yanasubiri.

Kisha nilijaribu Uninstall Updates, latest quality update. Ikagoma. Nikarudi Command Prompt:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Ikakaa kama dakika ishirini, nikawasha upya, ikafika kwenye jina lake. Baada ya hapo ni kusafisha diski na kufuata utaratibu niliouandika juu.

Ulizeni, nipo.

#2 dada_steshenari

Asante sana kaka fundi, umeeleza vizuri. Mimi nina duka la steshenari, kompyuta ya mezani ya Windows 10. Tangu mwaka 2024 ilikuwa ikinipa 0x80070643 kwenye kitu kinaitwa KB5034441. Kila mwezi mengine yanaingia, hiki kinagoma. Nimeshawekewa Windows upya mara mbili na bado kikarudi. Nimelipa hela zote mbili hizo bure?

#3 fundi_wa_mezani

Dada pole. Kweli kuweka upya hakukuwa dawa, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye mgawanyo wa diski, na mgawanyo ule ukiachwa ulivyo linarudi lilelile.

Sasisho lile la Januari 2024 lilikuwa linaziba tundu ambalo mtu aliyeshika mashine yako mkononi angeweza kulitumia kuuzunguka ufungaji wa BitLocker (kufuli la diski la Windows). Linaandika kwenye kile chumba cha matengenezo, na chumba hicho kina kigawanyo chake kidogo cha diski. Linahitaji nafasi wazi ya MB 250 humo. Mashine nyingi kigawanyo hicho kilikuwa kidogo mno, ikatoka namba ile ambayo haielezi chochote. Microsoft wenyewe wakatoa maelekezo ya kukipanua kwa mkono: unazima chumba kwa reagentc /disable, unapunguza kigawanyo cha Windows kwa MB 250 kwa diskpart (amri ya kugawanya diski), unafuta cha matengenezo na kukiunda upya kikubwa zaidi, kisha reagentc /enable.

Kama hutumii BitLocker na mengine yanaingia, duka lako halikuwa kwenye hatari kwa tundu hilo. Diskpart haina huruma, ukikosea namba ya kigawanyo unafuta kazi za wateja wote. Usiifanye peke yako kwa kusoma hapa. Nakili mafaili kwanza, na anayekufanyia akae na wewe, akuonyeshe kila namba kabla hajabonyeza.

#4 saiba_ya_kisiwani

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Ndugu yangu, mimi nina saiba yenye mashine kumi na mbili, zote Windows 11 toleo la 24H2. Kila moja ikishusha kivyake data yangu inakwisha na wateja wanalalama mtandao uko pole. Kuna njia ya kushusha mara moja nikagawa?

#5 fundi_wa_mezani

Waaleikum salaam bwana. Zipo mbili.

Ya kwanza iko ndani ya Windows na watu wengi huizima bila kuijua: Delivery Optimization. Iko Windows Update, Advanced options. Washa kuruhusu kushusha kutoka kompyuta nyingine, halafu chagua zilizo kwenye mtandao wako wa ndani TU. Ukichagua na za intaneti, mashine zako zitawapakulia watu baki kwa data yako. Mashine moja iachie ishushe kwanza, nyingine zifuate kesho yake, zitachukua vipande vingi kutoka kwa mwenzao.

Ya pili ni Microsoft Update Catalog, tovuti yao ya wazi. Unatafuta kwa namba ya KB (namba ya sasisho), unashusha faili la .msu, unalibeba kwenye flashi. Kwa 24H2 kuna mtego: wameleta masasisho ya vituo, yaani la mwezi linaweza kutegemea kituo kilichotangulia. Kituo cha kwanza ni KB5043080. Ukibonyeza download utaona mafaili mawili au zaidi. Yashushe yote, yaweke folda moja, hapo DISM italipata linalokosekana. Watu wanashusha moja, linagoma, wanasema faili bovu.

Faili la Catalog ni zito kuliko lile ambalo mashine moja ingeshusha yenyewe. Kwa mashine mbili halikulipi. Kwa kumi na mbili linalipa.

#6 msimamo_mkali

Mkuu, kwa heshima nakupinga. Mimi nimezima masasisho tangu 2021, mashine inapiga kazi kama mpya. Masasisho ndiyo yanayoharibu. 2018 watu walifutiwa nyaraka zao na Windows yenyewe. 2024 viwanja vya ndege vilisimama dunia nzima. Hilo nalo unalitetea?

#7 fundi_wa_mezani

Sikubezi, mkuu, kwa sababu la 2018 ni kweli tupu. Toleo la Oktoba 2018, namba 1809, lilifuta mafaili ya baadhi ya watu waliokuwa wamehamisha folda zao za Documents na nyinginezo kwenda sehemu nyingine huku mafaili yakiwa yamebaki kwenye ile ya zamani. Microsoft walilisimamisha ndani ya siku chache na kulirudisha katikati ya Novemba. Na Oktoba 2025 lilitoka KB5066835 likaua kibodi na mausi za USB ndani ya chumba cha matengenezo, yaani palepale unapovihitaji kuliko popote. Siku sita baadaye likaja la dharura kurekebisha.

Lakini tazama waliopona ni nani. Ni waliosubiri wiki moja. Hiyo ndiyo hoja yangu toka mwanzo, wiki mbili za kusubiri zinakukinga na makosa ya namna hiyo karibu yote, na bado zinakuacha umezibwa kabla wezi hawajazoea tundu.

La viwanja vya ndege, tarehe 19 Julai 2024, halikuwa sasisho la Windows. Lilikuwa faili la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, likaangusha mashine milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Hata aliyekuwa amezima masasisho ya Windows angeanguka kama alikuwa na programu ile.

Kuhusu mashine yako kupiga kazi: WannaCry haikuwachagua wenye mashine mbovu. Mashine nyingi zilizoanguka zilikuwa zinapiga kazi vizuri hadi dakika ile. Kama unafanyia benki au unapokea malipo ya wateja humo, nakuomba kama ndugu, fungua huduma hata kwa usiku mmoja.

#8 msimamo_mkali

Hoja ya wiki mbili nimeielewa. Sikujua kwamba ya kila mwezi yanabeba ya nyuma, nilikuwa najua yakipita miaka ndiyo yanakuwa mlima wa GB mia. Wacha nijaribu mwezi huu.

#9 mama_wa_wawili

Jamani nisaidieni haraka. Baada ya sasisho jana usiku laptopu imeleta skrini ya bluu inadai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48. Mimi sijawahi kuweka kitu hicho maishani mwangu! Laptopu nilinunua imetumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai.

#10 fundi_wa_mezani

Mama, kwanza usifomati, na asije mtu akakuambia ufomati. Mafaili yako mazima, yamefungiwa tu.

Hukuweka wewe, iliwekwa na Windows yenyewe. Mashine nyingi mpya, na hasa zikiwekewa Windows 11 24H2 upya kwa akaunti ya Microsoft, hujifunga diski zenyewe na kupeleka ufunguo kwenye akaunti hiyo. Siku zote inakaa kimya. Kikibadilika kitu kwenye hatua za kuwaka, kama sasisho la BIOS (programu ya kuwashia mashine), ndipo inataka kuhakikisha ni wewe. Sasisho la Julai 2024 liliwahi kuzifanyia hivyo mashine nyingi kwa makosa.

Chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe unayofungulia laptopu. Linganisha herufi nane za mwanzo za kitambulisho kilicho kwenye skrini na kilicho kwenye simu, zikifanana ndio huo ufunguo.

Kama hakipo, swali ni moja: siku ya kwanza laptopu inawashwa, iliwekwa barua pepe ya nani? Aliyekuuzia au aliyekuwekea Windows akiwa ametumia yake, ufunguo uko kwake. Mpigie sasa hivi.

#11 mama_wa_wawili

Uko kwa kijana aliyeniwekea Windows! Amenitumia picha, nimeingiza tarakimu moja moja mikono inatetemeka, imefunguka. Mungu akubariki mwanangu. Nilikuwa na picha zote za marehemu mama humo.

#12 fundi_wa_mezani

Alhamdulillahi. Mama, leo leo nakili picha hizo kwenye diski ya nje, kisha ufunguo uandike kwenye karatasi uweke na hati za nyumba. Siyo kwenye laptopu ileile.

Na wengine wote: kabla ya kusasisha BIOS, sitisha ufungaji kwa kuwasha kumoja,

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1

#13 mwalimu_wa_tehama

Fundi, mimi nafundisha sekondari. Maabara yetu ina kompyuta 18 za mezani za msaada, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 8, zote Windows 10. Zinakataa kwenda 11. Tufanyeje nazo?

#14 fundi_wa_mezani

Mwalimu, shikamoo. Windows 10 ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kichakata cha Intel cha kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Zenu hazifiki. Kuna ujanja wa kulazimisha, ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine zisizokidhi, na wewe una 18 za kuhangaika nazo. Sikushauri.

Mtu binafsi anaweza kuongezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Mlango huo ni wa nyumbani. Shule ina wake, wa leseni za jumla: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Kwa 18 mwaka wa kwanza ni dola 18. Mwombe mkuu wa shule aulize kwa muuzaji wa leseni za elimu, kwa sababu wengi hawajui kwamba bei hiyo ipo.

Au hamieni Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Linux Mint 22 itapata masasisho hadi 2029, na kwa RAM GB 8 zitakimbia vizuri. Wanafunzi wataandika na kufanya majedwali kwa LibreOffice. Jaribu mashine mbili kwanza muhula mmoja, uwaone watoto wanavyozoea.

#15 penguini_wa_ziwani

Nakazia la Mint. Ila mwalimu, Linux nayo ina masasisho na umeme ukikatika katikati itakuandikia kwamba dpkg (programu yake ya kusakinisha) ilikatizwa. Usiogope, fungua terminal:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Kingine, kama uliitengea /boot (sehemu ya kuwashia mfumo) kigawanyo chake kidogo, kerneli (viini vya mfumo) za zamani zinakijaza na masasisho yanagoma. sudo apt autoremove inaziondoa. Na siku ya kwanza kabisa washa Timeshift, iwe inapiga picha ya mfumo kila siku. Sasisho likiharibu unarudi jana yake kwa dakika chache. Angalizo, Timeshift inatunza mfumo, kazi za wanafunzi zinakiliwe kivyake.

#16 mwalimu_wa_tehama

Marahaba, nawashukuru wote wawili. Dola 18 hata mimi mwenyewe nitazitoa kama ofisi itachelewa. Na mbili nitaziweka Mint likizo hii.

#17 saiba_ya_kisiwani

Ndugu yangu, nimerudi. Nimewasha ile ya kugawana ndani kwa ndani, mashine ya kwanza imeshusha usiku, leo nyingine zimechukua kwake. Kumi na moja zimeingia, mteja hata mmoja hakulalama. Ya kumi na mbili inakataa, 0x80072f8f. Nimefuata amri zote ulizoandika pale juu, sioni mabadiliko.

#18 fundi_wa_mezani

Bwana, hiyo usiipige amri hata moja. Angalia tarehe na saa kwenye kona ya chini ya skrini. Inasoma mwaka gani?

#19 saiba_ya_kisiwani

Subhanallah. Inasoma 2019.

#20 fundi_wa_mezani

Ndiyo hiyo. Seva zinaonyesha hati zao za usalama, mashine yako inaziona ni za miaka ambayo haijafika, inazikataa. Rekebisha tarehe sasa, jaribu tena, itaingia. Lakini ukichomoa umeme itarudi 2019, kwa sababu betri ya sarafu kwenye ubao imekufa. Fungua kasha, utaiona ya duara imeandikwa CR2032. Zima na uchomoe waya wa umeme kwanza.

#21 saiba_ya_kisiwani

Tarehe nimerekebisha, imeanza kushusha, iko asilimia 40. Kijana nimeshamtuma duka la saa hapa nyuma akalete betri mbili.